Unyoya wa tausi, homa ya mlipuko na Ushirazi wa mjomba: mambo tunayodanganyana baada ya pilau

Jumapili nilikuwa Magomeni kwa mjomba, pilau limepikwa, watu wamejaa mpaka barazani. Pale sebuleni kwake kuna unyoya wa tausi umechomekwa kwenye chupa tangu mimi niko darasa la tatu. Sasa binti wa binamu yangu, ana miaka tisa tu, akauliza swali ambalo mimi ninayefundisha twisheni ya fizikia na bayolojia sikuwahi kuliwaza hata siku moja: anko, mbona pazia limepauka na huo unyoya haujapauka, na vyote vinapigwa jua la dirisha hilo hilo?

Hapo ndo tulipoanzia, tukaja kuachana saa mbili usiku. Naandika kwa sababu majibu waliyotoa wakubwa pale ni yale yale tunayoyarudia mtaani kila siku, na karibu yote sio kweli.

Mjomba akajibu wa kwanza, si nyumba yake. Akasema tausi ana wino mkali, na mtu akijua kuukamua anaweza kutia rangi kanga ikakaa miaka mia. Wino haupo kabisa. Ndani ya unyoya wa tausi kuna melanini tu, hii hii inayotufanya sisi tuwe weusi, na yenyewe ni kahawia iliyokolea. Ile buluu inatokana na mpangilio. Melanini imekaa kama vijiti vidogo sana vilivyopangwa safu kwa safu, na nafasi kati ya kijiti na kijiti ni kama sehemu moja ya elfu sita au elfu saba ya milimita. Mwanga ukiingia humo unagonga safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, unarudi nje vipande vipande. Ni kama watu wanaosukuma gari bovu, wakisema harambee wakasukuma kwa pamoja gari linakwenda, kila mtu akisukuma kwa wakati wake halisogei. Mawimbi ya buluu yanarudi yakiwa yamepatana, ya rangi nyingine yanauana yenyewe kwa yenyewe. Ongeza nafasi kidogo tu kati ya vijiti, inakuwa kijani.

Mjomba hakuamini, nikauchomoa unyoya nikausimamisha dirishani, jua likiwa nyuma yake, tukautazama kwa upande huu wa ndani. Kahawia! Kama nyasi kavu. Mtoto akapiga kelele anko umeuharibu, nikageuka nao jua likaupiga kwa mbele, buluu ikarudi. Mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke mwaka 1665 alishaandika kwamba ukiulowesha maji rangi zinapotea, maana maji yanajaza zile nafasi. Na ukiutwanga kwenye kinu hupati poda ya buluu, unapata unga wa kahawia basi. Pazia linapauka kwa sababu jua linavunja molekyuli za rangi moja moja, wakati kwenye unyoya mpaka mpangilio wenyewe uvurugike, na huo hauvurugiki kirahisi.

Binamu akadakia, aah, kama kinyonga, ukimweka kwenye kitenge chekundu anakuwa mwekundu. Hapana bana. Kinyonga habadiliki kufuata kitambaa, anabadilika kwa hasira, kwa mapenzi, kwa joto na baridi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walichunguza kinyonga wa Madagascar wakakuta ndani ya ngozi yake kuna kristali ndogo ndogo za kemikali inayoitwa guanini. Akitulia zinakaa karibu karibu zinarudisha buluu, na kwa kuwa juu yake ana pigmenti, yaani rangi halisi, ya njano basi sisi tunaona kijani. Akiona dume mwenzake zinaachana, anakuwa wa njano au mwekundu. Vitu vya namna hii wanafizikia wanaviita kristali za fotoniki, walianza kuvichora kwenye karatasi mwaka 1987, kinyonga wa watu anatembea navyo zamani sana. Kwa hiyo ukimuita mtu kinyonga kwa sababu anafuata upepo, umemsingizia mnyama.

Intaneti nitapita haraka, maana kila nyumba ina mtu anayesema inatoka setilaiti. Ipo ya setilaiti, lakini sehemu kubwa ya mnayoperuzi Dar inakuja kama mwanga ndani ya nyuzi za kioo, kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari, zikiwemo SEACOM ya 2009 na EASSy ya 2010. Mnakumbuka Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024 mtandao ulivyolala? Setilaiti hazikuwa na shida yoyote, nyaya hizo mbili ndo zilikatika, huko kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kioo chenyewe ni safi kiasi kwamba mwanga ukisafiri kilomita 15 ndani yake, karibu Kivukoni mpaka Kimara, bado nusu yake ipo. Jaribu na kioo cha dirisha uone.

Sasa nikiwa naosha mikono ndo nikaona kwamba kosa letu ni moja linajirudia. Tunatafuta kitu ndani ya kitu. Rangi lazima iwe kwenye wino, ukali wa mlipuko lazima uwe kwenye kirusi, kabila lazima liwe kwenye damu. Na mara nyingi jibu lipo kwenye namna vitu vilivyopangana, vinavyokutana na vilivyogawanyika.

Chukua mlipuko. Shemeji yangu akasema wale wataalamu wa kompyuta wanaotabiri milipuko ni wanajimu tu, Ebola walisema watu milioni watakufa, wapi. Kwanza walisema wataugua. Pili hiyo nambari ina historia yake: Septemba 2014 taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, ilisema Liberia na Sierra Leone zinaweza kufika wagonjwa milioni 1.4 ifikapo Januari 2015 kama hakuna kitakachobadilika. Sisi tukachukua milioni 1.4, "kama" tukaiacha mezani. Ripoti ile ile ilisema asilimia 70 ya wagonjwa wakitengwa na maziko yakafanywa kwa usalama, mlipuko unaisha. Vitanda vikaongezwa, watu wakaacha kuosha maiti kwa mikono mitupu, na mpaka mwisho wa yote Afrika Magharibi nzima ilikuwa na wagonjwa kama 28,600 na waliokufa zaidi ya 11,300. Mimi naona ile nambari ilikuwa kubwa mno hata hivyo, watu wenyewe walishaanza kuogopa na kubadilika kabla hata misaada haijafika na modeli, yaani ile hesabu yao ya kompyuta, haikuliona hilo. Lakini mnajimu hakwambii ufanye nini ili utabiri wake usitimie, modeli kazi yake ndo hiyo.

Afu akaja na lingine, eti mlipuko unaisha virusi vikichoka. Virusi havichoki. Mwaka 1927 wanasayansi Kermack na McKendrick walitugawa watu mafungu matatu, wasio na kinga, wanaoambukiza, na waliotoka kwenye mchezo kwa kupona au kufa. Ukifuata hesabu yao mlipuko unazimika wakati bado wapo ambao hawajaugua, kwa sababu mgonjwa anafika mahali hakutani tena na watu wa kutosha wasio na kinga. Ndo maana hata surua, inayosemwa mgonjwa mmoja anaambukiza 12 mpaka 18, hiyo nambari sio ya kirusi peke yake, ni ya kirusi na sisi tunavyobanana. Tuseme 15: kila watu 15 anaokutana nao mgonjwa, 14 wakiwa na kinga anabaki wa kumwambukiza mmoja tu na ugonjwa hauongezeki, ukitaka upungue lazima uzidishe hapo. Ndo mnasikia chanjo asilimia 95, asilimia 95, mkidhani wizara imejitungia.

Na homa ya dengi sio "malaria sugu". Ni kirusi, mbu wake anauma mchana, anazaliana kwenye matairi na makopo yenye maji uani kwako, kwa hiyo ukijifunika chandarua usiku tu bado hujamkwepa. Chikungunya, homa nyingine ya kirusi, mbu ni huyo huyo, na jina lenyewe ni la kwetu, la Kimakonde, kutokana na mtu kukunjika kwa maumivu ya viungo, ulipogundulika mlipuko wa 1952 na 1953 huko uwanda wa Makonde. Mama mkwe wa binamu ni wa Newala, alivyosikia alifurahi kama kashinda bahati nasibu.

Baada ya chai ndo tukafika pagumu. Binamu mdogo anaolewa, na mchumba wake ana mdogo wake mwenye selimundu, siko seli. Shangazi mmoja akasema kwa utulivu kabisa: wala msiogope, ni mmoja kati ya wanne, wakishampata mmoja mgonjwa watatu wanaofuata ni wazima. Nilisikia baridi, maana hii nimeisikia hata kwa watu waliosoma. Kama baba na mama wote wamebeba jeni moja ya selimundu, kila mimba inaanza upya na robo yake, haikumbuki iliyopita, sawa na shilingi unayoirusha haijui mara ya mwisho iliangukia mwenge au kichwa. Nikawapigia hesabu nyuma ya bahasha ya mchango wa harusi: chukua wenzi 100 wa namna hiyo, kila mmoja ana watoto wanne. Kama 32 hawatapata mtoto mgonjwa kabisa, kama 42 watapata mmoja, na kama 26 watapata wawili au zaidi. Na sio "mama ndo kaleta", mtoto wa selimundu amepokea jeni moja huku na nyingine kule. Mbebaji mara nyingi haumwi chochote, kwa hiyo kumwangalia mtu usoni haisaidii, ni kupima damu. Wakakubaliana wote wawili wakapime kabla ya kuchapa kadi.

Mjomba akasema basi huo ni ugonjwa wa makabila fulani. Hapana, unafuata malaria. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison alionyesha kwamba aliyebeba jeni moja ana kinga dhidi ya malaria, na huku kwetu Afrika Mashariki alikuta wabebaji ni wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, kule nyanda za juu za Kenya hakuna karibu. Upo India, upo Saudia, upo Ugiriki, kote ambako malaria ilikaa muda mrefu. Na kwa ujumla mtaalamu wa jeni Richard Lewontin alishapiga hesabu mwaka 1972, kama asilimia 85 ya tofauti za kijeni za binadamu zimo ndani ya jamii moja hiyo hiyo, kinachobaki ndo kinagawanya jamii na jamii. Hamna jeni ya Uzaramo. Kuna jeni ambazo huku ziko kwa wingi na kule kwa uchache, basi.

"Na sisi Washirazi?" Hapo mjomba akavua miwani. Wajukuu zake hizo habari za kwamba tulitoka Shirazi, huko Uajemi, wanaona ni hadithi za wazee za kujikweza, yeye anaona ni Uajemi mtupu. Wote wamekosea, na kwa bahati hili limepimwa. Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa DNA ya watu 80, mifupa ya kati ya mwaka 1250 na 1800 kutoka miji ya Pwani ya Kenya na Tanzania, Kilwa ikiwemo, na mji mmoja wa bara. Wengi wa hao wa Pwani zaidi ya nusu ya DNA yao ni ya Afrika, na hiyo imepita hasa kwa akina mama. Sehemu kubwa iliyobaki ni ya Asia, na ya Asia asilimia 80 hadi 90 ni ya wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000, Uarabu ukaja kuzidi baada ya 1500 hivi. Kwa hiyo ule mkasa wa Kilwa wa sultani Ali bin Hasan kuja kutoka Shirazi na kununua kisiwa kwa nguo, sisemi ni kweli neno kwa neno, ila haukutungwa hewani. Na lugha ilibaki ya mama, ndo maana tunabishana kwa Kiswahili na sio Kiajemi. Makaburi yaliyopimwa mengi ni ya wenye nafasi zao, na watu wa Pwani wa leo wameshachanganyika tena na tena tangu hapo, kwa hiyo mjomba wangu huwezi kumsoma kwenye mfupa wa Kilwa.

Alikaa kimya muda, anaupangusa ule unyoya vumbi kwa kanzu. Afu akaniuliza, huyo Ali bin Hasan jina lake tunalo mpaka leo, na huyo bibi mwenye nusu ya damu, yeye alikuwa nani?

Nikamwambia hakuandikwa, mjomba.