Kwa nini kompyuta yenye Intel inapewa faili la 'amd64'?

Mtu amenunua laptopu ya mtumba Ngamiani, hapa Tanga, na stika ya Intel imebandikwa pembeni mwa kibodi. Anataka kuweka Ubuntu, mfumo endeshi wa bure, anafungua ukurasa wa kupakua na kukuta faili limeandikwa amd64. Anaacha, akidhani hilo ni la wenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya AMD, kampuni inayoshindana na Intel. Asiache, ndilo lake.

amd64 si chapa ya prosesa. Ni jina la seti ya maelekezo, yaani amri ambazo prosesa inazielewa: jumlisha namba hizi, leta data kutoka kwenye kumbukumbu, linganisha, ruka. Kila programu, iwe ya kuandikia barua au ya kutunza hesabu za duka, mwishowe hugeuzwa kuwa mfululizo wa amri hizo. Prosesa mbili zikielewa amri zilezile, programu moja inakwenda kwenye zote, hata kama ndani zimeundwa tofauti kabisa.

Asili yake ni 8086, prosesa ya Intel ya mwaka 1978 iliyozaa ukoo wa x86. IBM ilipotoa kompyuta yake mwaka 1981 haikutaka kumtegemea muuzaji mmoja wa chipu, hivyo mwaka uliofuata Intel ikaipa AMD ruhusa ya kuzitengeneza pia. Baadaye wakakorofishana hadi mahakamani, lakini AMD haikutoka kwenye ukoo ule.

Mvutano mkubwa ulikuja kwenye prosesa za biti 64, yaani zinazoshughulikia namba zenye tarakimu 64 za 0 na 1 kwa mkupuo mmoja. Prosesa za biti 32 kwa kawaida ziliishia gigabaiti 4 za kumbukumbu, na seva zilihitaji zaidi. Intel, pamoja na HP, ikaamua kuanza upya na Itanium, prosesa yenye amri zake tofauti, iliyotoka 2001. Programu za zamani za x86 zikawa zinajikokota juu yake. AMD ikaipanua x86 yenyewe: rejista, yaani vihifadhi vidogo vya namba ndani ya prosesa, zikawa na upana wa biti 64, zile za kazi za jumla zikaongezwa kutoka 8 hadi 16, na programu za zamani zikaendelea kukimbia kama kawaida. Ndiyo maana amri hizo zikaitwa amd64. Prosesa zake za Opteron na Athlon 64 zikaingia sokoni 2003. Mwaka 2004 Intel nayo ikaanza kuuza prosesa zinazofuata amri za mpinzani wake. Kwangu mimi, AMD haijawahi kupata ushindi mkubwa kuliko huo.

Tangu hapo wanashindania yaliyo ndani ya chipu: idadi ya viini (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba), kasi, matumizi ya umeme. Core i7-7500U ya Intel, ya laptopu, ya 2016, ina viini 2. Machi 2017 zikatoka Ryzen za kwanza za AMD, za kompyuta za mezani, zenye hadi viini 8, na mwaka huohuo Intel ikatoa Core i5-8250U ya laptopu yenye viini 4. Sidhani ni sadfa. Kwa hiyo muuzaji akikuwekea laptopu zenye prosesa hizo mbili za Intel kwa bei moja, chukua ya i5. Windows 11 nayo inaikubali rasmi, ile i7 haimo.

Faili la kuepuka ni la arm64. Hizo ni amri za ukoo mwingine, ARM, uliozaliwa Uingereza, unaoendesha simu zetu na kompyuta za Apple kuanzia M1 ya 2020. Ukiliweka kwenye laptopu ya Intel au AMD, halitawaka.