Je, wajua kwa nini ugonjwa unaoua sana haujimalizi wenyewe?

Mara ya kwanza nilipoitazama Carriers, filamu ya mwaka 2009 ya ndugu wawili kutoka Hispania, Àlex na David Pastor, niliitazama kwa kiburi. Vijana wanne wako garini, wanakatiza jangwa la kusini-magharibi mwa Marekani kuelekea ufukweni. Ugonjwa usiotajwa jina wala chanzo umekwisha kufagia karibu watu wote. Vijana hawa wamejiwekea masharti: kuwakwepa wagonjwa, kupulizia dawa kila walichogusa, na kumhesabu aliyeambukizwa kuwa maiti hata kama bado anaongea.

"Hii haiwezekani," nikamwambia mdogo wangu. "Ugonjwa unaoua kiasi hiki hujimaliza. Unawaua wanaoubeba kabla hawajafika mbali."

Hakugeuza hata shingo. "Kwani mtu anaambukiza siku anayokufa, au siku zile anazotembea?"

Sikuwa na jibu. Nikajifanya nimezama kwenye filamu.

Kosa langu lina ukoo mrefu. Mwishoni mwa karne ya 19 mtafiti Mmarekani Theobald Smith, mmoja wa walioonyesha kwamba kupe ndio wanaoeneza homa ya ng'ombe ya Texas, alipendekeza kwamba kimelea na mwenyeji wake huzoeana kadiri muda unavyopita, na ukali hupungua. Wazo likapendwa, likafundishwa, na hata leo utalisikia kila mlipuko mpya unapotokea: subirini tu, kitalainika, maana kirusi hakitaki kumuua anayekihifadhi.

Tuanze na neno "hakitaki". Kirusi hakina nia. Hakina hata ubongo wa kuwekea nia. Kinachotokea ni hesabu tupu: aina iliyofanikiwa kuhamia kwa watu wengi ndiyo tutakayoikuta mwezi ujao. Kama njiani iliwaua waliokwisha kuieneza, hilo haliingii kwenye hesabu kabisa.

Kichwani mwangu nilikuwa na picha ya moto wa makuti: unalipuka juu, unazima upesi. Moto wa gogo ndio unaodumu. Picha hii ni nzuri, ila inaficha jambo moja. Moto wa makuti hauzimi kwa sababu ni mkali. Unazima pale paa la pili linapokuwa mbali. Nyumba zikibanana, ukali haumsaidii mtu.

Picha iliyonisaidia ni ya tarishi mwenye mkoba wa barua. Kila barua ni nafasi moja ya kumwambukiza mtu mwingine. Tarishi huyu amenyweshwa sumu, atakufa, na wewe unataka kujua barua ngapi zitafika. Kuuliza "sumu ni kali kiasi gani?" hakukufikishi mbali. La kuuliza ni saa ngapi anaanza kugawa na saa ngapi miguu inaisha nguvu. Kama barua zote ziko milangoni mwa watu kabla hajahisi hata kizunguzungu, basi afe, apone, barua zimefika. Kama sumu inamlaza kitandani kabla hajafungua mkoba, barua zinabaki naye, hata kama sumu yenyewe ni ya kumlaza tu bila kumuua.

Kuna saa mbili, basi: saa ya kuambukiza na saa ya kuugua. Hatari imo katika nafasi iliyopo kati yake.

Chukua virusi viwili vya ukoo mmoja. SARS ya 2003, ugonjwa mkali wa mapafu, iliwapata watu 8,096 na kuua 774, karibu mmoja kati ya kumi. Huo ni ukali mkubwa kuliko wa korona iliyokuja mwishoni mwa 2019. Lakini mgonjwa wa SARS aliambukiza zaidi katika wiki ya pili ya ugonjwa, wakati amekwisha kulazwa. Ndiyo maana takriban mgonjwa mmoja kati ya kila watano alikuwa mhudumu wa afya. Ndiyo maana pia kuwatenga wenye homa kulitosha: Julai 2003 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba mlolongo umekatika. Korona ya pili iligawa barua zake siku moja au mbili kabla ya kikohozi cha kwanza. Imeua asilimia ndogo zaidi ya walioambukizwa, na vifo vilivyoripotiwa duniani vimepita milioni 7.

Hapo nikairudia filamu, safari hii kwa adabu. (Kama hujaitazama, ruka aya hii.) Vijana wanakutana na baba aliyembeba binti yake mgonjwa garini, na mtoto ametengwa nyuma kwa karatasi la plastiki. Binti anapaliwa, na Bobby, msichana mmoja kati ya vijana wale wanne, anashindwa kuvumilia. Anakwenda kumsaidia, na damu ya mtoto inamrukia usoni. Anajifuta. Hamwambii mtu. Kwa muda mrefu baada ya hapo anakaa nao, anacheka nao, yuko karibu na mpenzi wake, mpaka alama za ugonjwa mwilini mwake zinapoonekana. Sharti la kumhesabu mgonjwa kuwa maiti halikuwa na nguvu yoyote juu ya mgonjwa asiyeonekana. Jina la filamu lenyewe lina maana ya wabebaji, na jibu la swali langu lilikuwa limeandikwa hapo tangu sekunde ya kwanza. Mimi nilikuwa nabishana na bango.

Mbebaji maarufu kuliko wote hakuugua hata kidogo. Mary Mallon, mpishi wa New York, alitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1907 baada ya homa ya matumbo kuibuka katika nyumba alizopikia. Akaachiwa, akarudi jikoni, na mwaka 1915 akakamatwa tena na kuzuiliwa hadi kifo chake mwaka 1938. Tarishi wa miongo kadhaa, bila sumu hata tone.

Ukishaelewa saa hizo mbili, orodha ya magonjwa yaliyopaswa "kujimaliza" inaanza kuchekesha kidogo. VVU visipotibiwa huua karibu kila mtu, lakini kwa kawaida huchukua miaka kama kumi, na miaka hiyo yote mkoba uko wazi. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, kupona ni nadra kiasi cha kuandikwa kwenye majarida. Hata hivyo sheria za mji wa Eshnunna, huko Mesopotamia karibu miaka 4,000 iliyopita, zilikwisha kumtoza faini mwenye mbwa mwenye kichaa aliyeua mtu. Mate ya mbwa hubeba kirusi siku chache kabla hajaonyesha dalili, kisha ugonjwa wenyewe unamfanya aume. Tarishi huyo anasukumwa mlangoni na sumu ile ile.

Ebola ndiyo iliyonipotosha zaidi, kwa sababu kwa muda mrefu ilionekana kuniunga mkono. Mwaka 1976 huko Yambuku, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, waliugua watu 318 na kufa 280. Kisha mlipuko ukaisha. Si unaona? Ulijimaliza! Lakini ukitazama kwa karibu, unakuta hospitali ya misheni iliyokuwa ikitoa mabomba matano tu ya sindano kila asubuhi kwa ajili ya wagonjwa wote wa siku, yakisuuzwa na kurudiwa. Wahudumu wengi walipokufa, hospitali ikafungwa, na njia kubwa ya maambukizi ikafungwa nayo. Ukali wa kirusi haukupungua hata chembe. Kilichopungua ni milango. Mwaka 2014 Ebola ilipofika kwenye miji na barabara za Guinea, Liberia na Sierra Leone, milango ilikuwa mingi: wagonjwa zaidi ya 28,600, vifo zaidi ya 11,300. Tena kwa Ebola mkoba haufungwi tarishi anapoanguka, kwani mwili wa marehemu unaambukiza, na waliouosha kwa heshima za mwisho walikuwa miongoni mwa walioambukizwa.

Mafua ya 1918 nayo yaligeuza kibao mara mbili. Wimbi la kwanza lilikuwa jepesi kiasi, na lile la vuli la Ulaya na Marekani likawa la kutisha, kinyume kabisa cha kulainika. Halafu likawapiga sana watu wa miaka 20 hadi 40. Wapo wanaosema kinga za vijana zilijibu kwa nguvu kupita kiasi, wapo wanaosema kinga za wazee zilikuwa na kumbukumbu ya kirusi cha zamani kinachofanana nacho, na nimonia ya bakteria ina sehemu yake. Mjadala haujafungwa. Ila filamu zinazowabakiza vijana warembo peke yao barabarani zingepata shida na mwaka ule.

Je, Theobald Smith alikosea kabisa? Hapana, na hapa ndipo sungura wanapoingia.

Mwaka 1950 Australia, iliyokuwa imezidiwa na sungura, iliachilia kirusi cha miksoma, kinachoua sungura. Kwanza kikasuasua, kisha mbu wakakibeba kando ya mito na sungura wakafa kwa mamilioni. Watu wakaingiwa na hofu kwamba ndicho kinachowaletea ugonjwa wa ubongo uliokuwa umezuka wakati huo huo. Wanasayansi watatu, Frank Fenner, Macfarlane Burnet na Ian Clunies Ross, wakajidunga kirusi hicho ili kuonyesha kwamba hakiwadhuru binadamu. Hawakuugua. Sijui kama leo kuna kamati ya maadili ambayo ingeupitisha mpango huo kabla ya chai ya saa nne.

Mwanzoni kirusi kiliua zaidi ya sungura 99 kati ya 100, ndani ya siku 13 au pungufu. Baada ya miaka michache, aina iliyotawala porini ilikuwa ile inayoua 70 hadi 95 kati ya 100, kwa wiki mbili na nusu hadi nne. Sababu yake ni mbu. Mbu huchukua kirusi kutoka kwenye vidonda vya ngozi ya sungura aliye hai. Sungura akifa upesi, mbu wachache ndio waliompitia. Aina iliyo dhaifu sana nayo haikuweka kirusi cha kutosha kwenye ngozi, kwa hiyo mbu aliondoka mdomo mtupu. Iliyoshinda ni ile ya katikati, inayomweka sungura hai huku akioza taratibu. Mwaka 1982 wanasayansi Roy Anderson na Robert May waliiweka hesabu hii katika milinganyo: ukali unapungua pale tu kifo kinapokatiza ugawaji wa barua, na ukali wenyewe unapouongeza ugawaji, hesabu inautetea.

Zingatia pia kwamba "kulainika" huku kulimaanisha kuua hadi sungura 95 kati ya 100. Tena sehemu ya nafuu iliyofuata ilitoka kwa sungura wenyewe, ambao vizazi vyao vilijenga ukinzani, nacho kirusi kikaendelea kubadilika kuwafuata. Na huu ndio mfano uliofuatiliwa vizuri kuliko yote. Kwa magonjwa ya binadamu ushahidi ni hafifu, kwa sababu chanjo, dawa na kinga ya maambukizi yaliyopita huufanya ugonjwa uonekane mpole hata kama kirusi hakijabadilika.

Ndui inaonyesha ugumu huo. Aina kubwa iliua karibu watu 30 kati ya 100 kwa karne nyingi bila kulainika. Ni kweli kwamba kulikuwa na aina ndogo, iliyoua chini ya mmoja kati ya 100, lakini haikuifukuza ile kubwa. Zote mbili ziliondolewa na chanjo: kubwa Bangladesh mwaka 1975, ndogo Somalia mwaka 1977.

Huko Somalia, mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, mpishi wa hospitali ya Merca. Oktoba 1977 gari lenye watoto wawili wagonjwa lilifika likitafuta njia. Akapanda kumwelekeza dereva. Safari yenyewe ilikuwa ya dakika chache, pasipo karatasi la plastiki katikati. Hakuwa na kinga, kwa sababu alikuwa ameogopa sindano ya chanjo. Alipougua, watu aliokutana nao wakasakwa mmoja mmoja, na katika wiki mbili zaidi ya watu 50,000 wakachanjwa kumzunguka. Hakumwambukiza yeyote. Alipona, na miaka mingi baadaye akawa akiwasimulia kisa hicho wazazi waliokuwa wakiiogopa chanjo ya polio. Alikuwa katika kampeni hiyo hiyo mwaka 2013, alipofariki kwa malaria.