Kuona wanyama mlimani na watoto: tembea kidogo, kaa sana

Wazazi wenzangu, kwenye kazi hii ya elimu ya wanyamapori swali tunaloulizwa sana na familia zinazojiandaa kwenda mlimani ni hili: tutembee mpaka wapi ndo tuwaone wanyama? Jibu langu huwa linawashangaza, nawaambia msiende mbali. Wengi wanadhani wanyama wako huko juu kileleni wanasubiri wenye miguu imara, kumbe familia ya watu watano inayopanda huku mawe yanabiringika, mtoto mmoja analilia maji mwingine anaimba, imeshasikika na kunuswa zamani sana na wanyama wameshavuka upande wa pili wa mlima kabla hata hamjakaribia. Mkishapita wanarudi taratibu kuendelea kula. Kwahiyo anayewaona ni yule aliyekuja nyuma yenu, akachoka, akakaa kwenye jiwe.

Basi kaeni nyie. Tafuteni sehemu inayotazama mteremko wa ng'ambo ya bonde, maana mteremko mliopo wenyewe mnauona kidogo tu, lakini ule wa ng'ambo mnauona wote umesimama mbele yenu kama ukuta. Penye mpaka wa msitu na nyasi ni pazuri sana, na penye maji pia. Mgongo uegemee mwamba au kichaka, msikae juu kabisa pale anga linapoanzia kwasababu mkikaa pale mnaonekana kama nguzo na kila kichwa kikigeuka kinaonekana.

Wanyama wenye kwato kama swala na mbuzi wa milimani wana macho ya pembeni mwa kichwa, yani wanaona karibu pande zote bila kugeuka, na jicho lao ni kali sana kwa kitu kinachosogea. Ila rangi hawazioni kama sisi, nyekundu na chungwa kwao ni rangi iliyofifia tu, kwahiyo ile habari ya kumvalisha mtoto nguo za kijani za kujificha mimi huwa nawakataza kabisa. Mvalisheni jaketi jekundu au la chungwa, swala hatajali, lakini wewe mzazi utamuona mwanao akiwa mita mia mbili kwenye vichaka na mtu wa uokoaji atamuona hata akiwa mbali zaidi. Ndege ndo wanaona rangi vizuri kuliko hata sisi, kwao dawa ni kutulia tu.

Sasa tuje kwenye harufu, na hapa naomba mnielewe vizuri kwasababu ndo kitu kinachowaharibia watu safari na hawajui. Mlimani upepo una ratiba. Usiku na alfajiri hewa ya juu inapoa, inakuwa nzito, inateremka kuelekea bondeni kama maji. Jua likishapiga mteremko kwa muda hewa inapata joto na inaanza kupanda. Maana yake ni nini, ukiwahi alfajiri kaa chini ya sehemu unayotegemea wanyama watakuwepo, harufu yenu itashuka na kupotea bondeni huko, lakini ikifika katikati ya asubuhi hapohapo mlipokaa panageuka kuwa pabaya maana harufu sasa inapanda moja kwa moja kwenye pua zao, hapo ni bora muwe juu yao au pembeni. Mpe mtoto kazi ya kupima upepo, achukue vumbi kidogo au majani makavu aliyoyasaga kwenye vidole ayaachie aone yanaenda wapi, kila baada ya dakika kumi hivi. Anajifunza kitu cha kweli na papo hapo mikono yake ina kazi.

Najua mnachotaka kuniambia, watoto hawawezi kukaa kimya. Wanaweza, ila sio kwa amri ya kunyamaza, wanaweza wakiwa na jambo la kufanya. Mtoto wa miaka mitano dakika kumi na tano zinamtosha kabisa, mkitoka hapo mnatembea kidogo anacheza, mnakaa tena. Muulize anasikia sauti ngapi tofauti akiwa amefumba macho, mwambie ahesabu ndege wanaopita kwenye kipande fulani cha anga. Wa miaka kumi anaweza kuandika kwenye daftari saa ngapi kaona nini na mnyama alikuwa anafanya nini, na hilo daftari msilidharau, safari ya tatu ya nne linaanza kuwaonyesha wanyama wa pale wanatoka saa ngapi.

Muda wenyewe ni alfajiri na jioni. Mchana wanyama wengi wanalala kivulini wanacheua, ndo maana wanaofika saa tano wanarudi wanasema mlima hauna kitu. Kama kuamka usiku na watoto ni shida laleni karibu na mlima, usiku mmoja karibu una faida kuliko safari tatu za kwenda na kurudi. Mchana nao msiutupe, hewa ya moto ikianza kupanda ndo tai na tumbusi wanapaa juu yake bila kupiga bawa, wanazunguka tu wakipanda, lalieni mgongo mtazame juu ila jua lenyewe msiliangalie.

Na kwenye miamba ya Afrika asubuhi kuna pimbi. Mwili wa pimbi haudhibiti joto vizuri kama wa wanyama wengine wenye damu moto, kwahiyo jua likitoka anatoka nae anajianika juu ya mwamba pamoja na wenzake na mtoto anaweza kumuangalia muda mrefu bila haraka. Mwambie mtoto kwamba pimbi, pamoja na udogo wake, ndugu zake wa karibu walio hai ni tembo na nguva, utaona macho yake. Mkiona mwamba una michirizi myeupe kama umemwagiwa chokaa jueni hapo ndo msalani kwao, ni mkojo wao wa miaka mingi umekauka. Kule milima ya Alps, Ulaya, wana mnyama wa kuchimba mashimo anaitwa mamoti, akiona tai au mbweha anapiga mluzi mkali na wenzake wote wanazama shimoni. Mlio wa hatari ni wa kufundisha watoto popote mlipo, ukisikia ndege au nyani wameanza kelele za ghafla wote wakitazama upande mmoja, na nyie tazameni huko, wao wameshaona kitu ambacho nyie bado.

Kuna siku hamtaona mnyama hata mmoja na hiyo ni kawaida. Siku hiyo tafuteni alama: nyayo kwenye tope, manyoya yaliyonasa kwenye mti, magome yaliyochubuliwa, kinyesi. Kinyesi mtoto akichokonoe kwa kijiti, asishike kwa mkono, kuna minyoo na vimelea vinavyoweza kuingia kwa binadamu.

Binokula au darubini kama mlivyozoea kuiita, msinunue ile kubwa mkidhani kubwa ndo nzuri. Zile namba mbili zinazoandikwa, mfano 8x32, ya kwanza ni inakuza mara ngapi na ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Inayokuza mara 10 inakuza na mtikisiko wa mkono pia, mtoto anaishia kuona ukungu unacheza. Mara 8 inatosha, mara 6 kwa mdogo zaidi ni sawa kabisa. Angalieni pia kama mirija yake miwili inakunjwa ikasogeleana vya kutosha, macho ya mtoto yako karibu karibu kuliko yetu na nyingi hazimfiki. Alafu mfundisheni nyumbani kabla ya safari: kwanza mtafute kitu kwa macho matupu, usitoe macho hapo, ndo unyanyue binokula mpaka usoni. Akinyanyua kwanza akaanza kutafuta nayo hataona kitu na atakurudishia baada ya dakika mbili.

Umbali. Hapa sina mzaha hata kidogo. Hifadhi ya Yellowstone kule Marekani sheria yao ni yadi 100, yani kama mita 91, kutoka kwa dubu na mbwa mwitu, na yadi 25 ambazo ni kama mita 23 kwa wanyama wengine wakubwa, na bado kuna watu wanajeruhiwa na nyati wa kule kwasababu ya kutaka picha ya karibu. Kipimo rahisi cha mtoto ni dole gumba: nyoosha mkono mbele, simamisha dole gumba, funga jicho moja, kama dole gumba halimfuniki mnyama mzima basi uko karibu mno, rudi nyuma. Na hata kabla ya kidole mnyama mwenyewe atakwambia. Akiacha kula, akanyanyua kichwa, masikio yote yakaelekea kwenu, tayari mmemsumbua. Kumkimbiza mnyama mlimani sio jambo dogo, pale kuna baridi na chakula chenyewe cha kutafuta, nguvu aliyotumia kuwakimbia ilikuwa ya kumvusha usiku au ya kunyonyesha mtoto wake.

Mkikuta kitoto cha mnyama kimejilaza peke yake kwenye nyasi msikishike, hakijapotea. Mama wengi wa jamii ya swala na paa wanamficha mtoto wanaenda kula, na hatarudi mkiwa mmemzunguka. Ondokeni haraka. Chakula pia msiwape, hata kapande kadogo, nyani aliyezoea kupewa kesho anampora mtoto wa mwenzenu na mwisho wake huyo nyani anauawa.

Na magonjwa yetu yanawapata. Sokwe wakubwa wa milima ya Virunga na msitu wa Bwindi, hawa gorila wa milimani, wanapata mafua yetu na yanaweza kuwaua, ndo maana Uganda na Rwanda wanaweka mtu umbali wa mita 10, mwenye mafua haruhusiwi kupanda na aliye chini ya miaka 15 haendi kabisa. Wazazi wanalalamika kuhusu umri, mimi naiunga mkono hiyo sheria kwa moyo wote. Gorila hawa waliobaki dunia nzima ni zaidi kidogo ya 1,000, na mwaka 2018 ndo walitolewa kwenye daraja la walio hatarini zaidi kutoweka wakashushwa daraja moja, uangalizi huu ni sehemu ya sababu.

Usalama wenu sasa. Kila mkipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 na nusu, na jua linalochoma ngozi linaongezeka kama asilimia 10, kwahiyo sweta na kofia pana vyote viwili begini siku hiyohiyo. Mtoto anapoteza joto haraka kuliko wewe, na zaidi yule unayembeba mgongoni, wewe unatoka jasho kwa kupanda yeye amekaa tu hazalishi joto jingi, mshike shingo na tumbo mara kwa mara usitegemee viganja. Nguo ya pamba ikilowa inamuibia joto, sufu ni bora.

Kuanzia mita 2,500 ugonjwa wa mwinuko unaweza kumpata yeyote, kwa mita 3,000 oksijeni unayovuta ni kama asilimia 70 ya ile ya usawa wa bahari. Mtu mzima atasema kichwa kinauma, mtoto wa miaka miwili hawezi kusema, atakuwa msumbufu, hataki kula, hataki kucheza, anatapika, halali. Huko juu usiseme mtoto ana deko, chukulia ni mwinuko na mshushe, dawa ya kwanza ni kushuka hata kama ni usiku. Ndo sababu nyingine ya kunifanya niseme kaeni chini chini, wanyama wengi wa kuangalia wako kwenye misitu na nyasi za kati na sio kwenye mawe matupu ya juu.

Radi: mkiona mwanga hesabuni, ngurumo ikija kabla ya sekunde 30 radi iko ndani ya kama kilomita 10, shukeni kutoka sehemu za wazi na za juu, na msirudi mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo.

Kila mtoto awe na filimbi yake shingoni, na ajue kwamba akipotea asitafute njia, achague mti mmoja akae hapohapo. Mwaka 1981 mtoto wa miaka tisa alipotea kwenye mlima Palomar, California, akafariki kabla hajapatikana, na waliomtafuta wakaanzisha mafunzo ya watoto ya kukumbatia mti, yani ukipotea kumbatia mti na ubaki nao. Mtoto anayetembea anawakimbia wanaomtafuta bila kujua, wanakagua sehemu yeye kesha toka, anaingia nyingine waliyokwisha kagua. Mwambieni pia kwamba hatapigwa wala kugombezwa akipatikana, wapo wanaojificha kwa kuogopa hilo, na kwamba wageni wakiita jina lake aitike. Ishara ya hatari ya milimani ni filimbi sita ndani ya dakika moja, unapumzika dakika moja unarudia, na aliyekusikia anajibu kwa tatu.

Kupanga muda tumieni kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892, saa moja kwa kila kilomita 5 na uongeze saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni ya mtu mzima mwenye nguvu, ukiwa na watoto zidisha mara mbili na uweke juu yake muda wote wa kukaa. Shida inakuja jioni, maana wanyama wanaanza kutoka saa ileile mnayotakiwa kushuka, na kila mtu atasema tungoje dakika tano tena. Kwahiyo saa ya kugeuka mkubaliane asubuhi kabla hamjatoka, na kila mmoja awe na tochi ya kichwani hata kama mpango ni kurudi mchana.