Kupalilia vitabu ni nini?

Mkutubi akisema leo anapalilia, hashiki jembe. Anapita rafu moja baada ya nyingine, anafungua kila kitabu na kuamua: kibaki, kishonwe, kitafutiwe toleo jipya, au kiondoke. Kinachoondoka hufutwa kwenye daftari la usajili, hupigwa muhuri, kisha huuzwa kwa bei ndogo au hugawiwa. Kilichooza hutupwa.

Wengi huuliza: vitabu vyenyewe haba, mbona viondolewe? Kwa sababu kitabu kinachopotosha ni kibaya kuliko rafu tupu. Mtoto wa Likoni akisoma kwamba Kenya ina mikoa minane, ndivyo atakavyoandika, ilhali Katiba ya 2010 ilileta kaunti 47, na Mombasa ni nambari 001. Atlasi isiyoonyesha Sudan Kusini imepitwa tangu 2011. Vya kuogopwa zaidi ni vya tiba: kitabu kinachosifu klorokwini kwa malaria kinampa mgonjwa dawa ambayo Kenya iliacha kuitegemea mwaka 1998.

Hapa kwetu Mombasa kuna pia hewa ya bahari. Unyevu ukizidi asilimia 65 hivi, karatasi huota kuvu, na hapa kiwango hicho hupitwa sehemu kubwa ya mwaka. Kitabu chenye kuvu kitengwe siku hiyo hiyo, kikaushwe, kifutwe kwa brashi laini nje ya jengo. Rafu nazo zisigusane na ukuta, hasa masika.

Mwongozo mmoja mashuhuri, uliotoka Texas mwaka 1976, hupima kitabu kwa umri wake na kwa miaka iliyopita tangu kiazimwe mara ya mwisho. Kwa vitabu vya kompyuta au sheria kipimo hicho ni kizuri. Kwa mashairi ya Kiswahili na historia ya Pwani, mimi nakikataa kabisa. Diwani yenye tungo za Muyaka bin Haji, malenga wa kale wa Mombasa, inaweza kukaa miaka mitano bila kuazimwa, na bado ikawa nakala pekee mtaani. Kitabu cha namna hiyo, kabla ya kufutwa, ulizia maktaba nyingine za Pwani. Zisipokuwa nacho, kipelekwe kwa mjalidi, fundi wa kushona vitabu, kisha kiwekwe kwenye kabati la vitabu vya kusomea humo humo maktabani.