Saa za Fundi Hupotelea Wapi Katika Matengenezo ya Mitambo ya Kemikali za Petroli?

Kiwanda cha kemikali za petroli, yaani kile kinachogeuza mafuta au gesi asilia kuwa malighafi ya plastiki, mbolea na sabuni, hufanya kazi usiku na mchana, na pampu moja ikivuja mafundi huitwa mara moja. Wataalamu wanaopima mwenendo wa kazi hizo hukuta mara nyingi kwamba katika zamu ya saa 8, fundi hushika spana, yaani hufanya matengenezo yenyewe, kwa asilimia 25 hadi 35 tu ya muda wake. Tukichukua asilimia 30, ni saa 2 na dakika 24. Wakuu wengi wakisikia hesabu hiyo huwaza uvivu, nami siafikiani nao, kwa sababu saa zilizobaki kwa sehemu kubwa huliwa na kusubiri: kibali cha kazi, yaani ruhusa ya maandishi ya kugusa mtambo, hakijasainiwa, bomba halijaondolewa shinikizo, jukwaa la kupandia halijafungwa, au gasketi (pete ya kuzuia uvujaji) iliyotoka stoo si ya daraja la flenji, kiungo cha bomba chenye bolti, iliyofunguliwa.

Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania hatuna kiwanda cha aina hiyo, lakini tunayo mitambo inayodai nidhamu ileile. Bomba la mafuta la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968 na lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola nchini Zambia, hupita katika mikoa ya Iringa na Mbeya. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, nacho huendeshwa kwa kemikali kali, mvuke na shinikizo. Kwetu kusubiri kuna gharama ya ziada, kwani kipuri kilichosahaulika huenda kikalazimika kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya, na kupanda mlima Kitonga nyuma ya msururu wa malori.

Dawa yake ni kumtenga mtu mmoja awe mpangaji wa kazi, ambaye hapaswi kuitwa kuzima dharura za siku hiyo. Kazi yake ni ya kesho na ya wiki ijayo: aende mwenyewe kwenye mtambo, apime bolti, asome bamba la maelezo la pampu, ahakikishe kreni itafika, kisha vifaa vyote vya kazi moja vikusanywe kwenye sanduku moja lenye namba ya kazi hiyo. Mafundi 10 wakitoka asilimia 30 kufika 45, saa halisi za kazi kwa siku hupanda kutoka 24 hadi 36, sawa na kuajiri mafundi wengine 5 bila kuongeza mshahara hata mmoja.

Hata hivyo, muda huo usitafutwe kwa kuruka kibali, upimaji wa gesi au ufungaji wa valvu kwa kufuli. Katika kiwanda cha Flixborough, Uingereza, mtambo mmoja kati ya sita iliyounganishwa mfululizo ulikutwa na ufa mwezi Machi 1974. Ukaondolewa, na bomba la muda la inchi 20 likaungwa haraka ili uzalishaji urejee. Mchoro wake pekee ulichorwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Tarehe 1 Juni bomba hilo lilipasuka, mvuke wa saikloheksani, kimiminika kinachowaka kwa urahisi, ukalipuka, na wafanyakazi 28 wakafariki. Siku zilizookolewa kwenye karakana hazikuwa tija, kwa kuwa hakuna aliyekokotoa kama bomba lingehimili mzigo wake. Kibali kinachochelewesha kazi kiombwe jana yake, ili asubuhi abaki mpimaji wa gesi tu kuthibitisha kwamba hewa ya mahali pa kazi haina gesi ya hatari.

Jambo linalopuuzwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kumbukumbu ya kazi iliyokwisha. Daftari nyingi za karakana huandikwa “pampu imetengenezwa”, maneno yasiyomsaidia yeyote. Fundi aandike beringi ya namba gani ilitolewa na iliharibika vipi, spana ya ukubwa gani ilihitajika, na alisubiri nini kwa dakika ngapi. Mpangaji atakayeandaa kazi hiyo tena baada ya miezi 6 ataanza na ukurasa huo kabla hajakwenda stoo.