Je, wajua kwa nini watu huvuka barabara taa ikiwa nyekundu?

Taa ya waenda kwa miguu ni nyekundu na kundi la watu limesimama ukingoni. Mmoja anatupa jicho kulia, kushoto, kisha anashuka barabarani. Kufumba na kufumbua, wanne wako nyuma yake. Mbona walikuwa wametulia hadi yule alipoondoka?

Wengi watasema ni utovu wa nidhamu. Mimi naona lawama hiyo inatuzuia kuitazama taa yenyewe. Kwenye makutano makubwa, taa nyingi hupangwa kwa kufuata wingi wa magari. Mwenda kwa miguu hupewa sekunde chache za kijani, na akizikosa husubiri mzunguko mzima. Mwongozo unaotumiwa na wahandisi wa barabara wa Marekani unakiri kwamba mtu akisubirishwa zaidi ya sekunde 30 huanza kukosa subira na kujihatarisha. Kinachokera zaidi ni kusubirishwa huku barabara ikiwa tupu. Hata kitufe cha kuomba kuvuka huenda kisisaidie: mwaka 2004 iliripotiwa kwamba jijini New York vitufe vingi kati ya zaidi ya 3,000 vilikuwa havifanyi kazi tena, kwa kuwa kompyuta ndizo zilizokuwa zikiongoza taa. Mtu akishabonyeza mara kadhaa bila kuona mabadiliko, huacha kuiamini taa na kuanza kuyaamini macho yake.

Huyaamini pia macho ya wenzake. Utafiti uliofanyika Leeds, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba uwezekano wa mtu kuvuka huongezeka mara 1.5 hadi 2.5 jirani yake anapoanza kuvuka. Zamani zaidi, mwaka 1955, watafiti huko Austin, Texas, walichapisha jaribio ambalo mtu mmoja alivuka taa ikimkataza, mara akiwa amevaa suti, mara nguo chakavu. Alipovaa suti alifuatwa na watu wengi zaidi. Desturi ya mahali nayo ina nguvu: katika ulinganisho uliochapishwa mwaka 2017, takriban asilimia 42 ya waliochunguzwa Strasbourg, Ufaransa, walivuka taa ikiwa nyekundu, lakini nchini Japani walikuwa kama asilimia 2 tu.

Hatari kubwa imo humo kwenye kufuatana. Barabara yenye upana wa mita 10, kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, huvukwa kwa zaidi ya sekunde 8. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo wa kwanza anahitaji gari la karibu liwe umbali wa mita 115 hivi. Yeye amepima, ameridhika, ameondoka. Anayemfuata sekunde tatu baadaye hajapima chochote, na gari lile limeshasogea zaidi ya mita 40. Mwanya uliomtosha mwenzake yeye haumtoshi, naye hajui.

Sheria hutofautiana. Uingereza haimhesabii mtu kosa kwa kuvuka hivyo kwenye barabara za kawaida, na New York iliondoa kosa hilo mwaka 2024. Kinachosaidia kweli ni kufupisha kusubiri, kuonyesha sekunde zilizobaki na kujenga kisiwa cha kupumzikia katikati ya barabara.

Tena, si kila unayemwona katikati taa ikiwa nyekundu alianza kuvuka ikiwa nyekundu. Muda wa taa hukadiriwa kwa mwendo ambao wazee wengi hawaufikii, na kumpigia honi mtu wa namna hiyo ni kumwonea. Singapore ilianza kulishughulikia hilo mwaka 2009: kwenye vivuko vilivyowekewa kifaa maalumu, mzee hugusisha kadi yake na taa ya kijani humwongezea sekunde.