Kusomesha nyumbani maana yake nini hasa

Jumamosi iliyopita kwenye kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, mama mmoja alitutangazia kwamba mwanawe wa darasa la pili ameanza "shule ya nyumbani". Tukampongeza. Chai ilipofika akafafanua: mwalimu anakuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa kumi na moja jioni, mtoto akisharudi shule na kubadili sare. Nikanyamaza kwa sababu ya vitumbua, lakini hiyo ni tuisheni. Ilikuwa tuisheni tangu tukiwa wadogo na haijabadilika kwa kuletwa sebuleni.

Maana yenyewe ni fupi. Kusomesha nyumbani ni mzazi kuubeba mwenyewe mzigo mzima wa elimu ya mtoto wake badala ya kumwandikisha shule. Anaweza kufundisha kwa mdomo wake, kumlipa mtu, au kutumia masomo ya mtandaoni. Lakini anayepanga mtoto ajifunze nini na lini, na anayeulizwa mtoto asipojua, ni yeye. Kwa hiyo watoto waliokaa nyumbani mwaka 2020 wakati wa korona, kazi zikitumwa kwa WhatsApp, hawakuwa wakisomeshwa nyumbani kwa maana hii. Walikuwa wanafunzi wa shule iliyofungwa. Na anayekusanya watoto sita wa mtaa barazani kwake kwa ada amefungua shule, awe ameisajili au hajaisajili.

Tatizo langu ni kitenzi chenyewe. Huku Tanzania bara mtu akisema "nasomesha watatu", tunamhurumia, kwa sababu tumeelewa ada, sare, nauli na michango ya uji. "Baba alinisomesha" maana yake baba aliuza ng'ombe. Huenda baba huyo hakuwahi kulifungua daftari hata siku moja, wala hatumlaumu. Ila itazame sarufi: pika, pikisha, soma, somesha. Kusomesha ni kumfanya mtu asome. Kazi ya kusoma tuliikabidhi shule, sisi tukabaki na kulipa, na kitenzi kikafuata pesa. Nenda Unguja utakuta kingali pale kilipokuwa: huko mwalimu ndiye anayesomesha, tena anasomesha skuli.

Skuli hiyo wameitoa kwa Waingereza. Shule yetu ya bara tumeitoa kwa Wajerumani, neno zima zima, enzi za utawala wao. Nami huwa nacheka peke yangu nikikumbuka kwamba Ujerumani ni katika nchi zenye msimamo mkali kabisa juu ya jambo hili: mtoto lazima aende shule, na mzazi anayemzuia ili amfundishe mwenyewe huishia kwenye faini na mahakama. Uingereza ni kinyume. Sheria yao ya Elimu ya mwaka 1996 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayomfaa, kwa kuhudhuria shule "au vinginevyo". Ndani ya hilo neno moja la mwisho familia chungu nzima zinasomesha watoto wao kihalali. Marekani jambo hili lilikuwa halali katika majimbo yote 50 ilipofika mwaka 1993.

Basi mtu akisikia Marekani anakwambia haya ni mambo ya Wazungu. Polepole. Kabla ya shule na skuli, pwani tulikuwa na chuo, neno ambalo zamani lilikuwa na maana ya kitabu, ndiyo maana mpaka leo msomi wa dini ni mwanachuoni. Watoto walikwenda chuoni, na mara nyingi chuo chenyewe kilikuwa ukumbi au baraza ya nyumba ya mwalimu, mkeka umetandikwa, mke wa mwalimu akisonga ugali chumba cha pili. Kwa hiyo kujifunza ndani ya nyumba ya mtu si ugeni kwetu; jengo lenye kengele ndilo lililokuja baadaye. Ila nisidanganye upande wa pili: chuo nacho hakikuwa kusomesha nyumbani kwa maana ninayoitetea, maana mzazi alimkabidhi mtoto kwa mwalimu akaenda zake shamba.

Neno "shule ya nyumbani" liliniponza mimi mwenyewe. Nilipoamua kuanza na binti yangu wa miaka mitano, ambaye wenzake walikuwa wamekwenda darasa la vidudu, nilinunua meza ndogo, ubao, na kengele ya shaba. Nikabandika ratiba ukutani: saa mbili asubuhi hesabu, saa tatu kusoma, hadi saa saba. Jumatano mtoto alikuwa chini ya meza anakula chaki, mimi nimekauka koo. Nilikuwa nimehamisha shule, tena shule ya watoto arobaini, kwa ajili ya mtoto mmoja.

Nilichofanya baadaye ni kidogo mno kuliko watu wanavyodhani. Asubuhi robo saa ya silabi, ma me mi mo mu, kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo. Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa, kwa hiyo siku aliyounganisha ma na ma alipiga ukelele, akaja kuniita kwa lile neno alilolisoma. Hesabu tulifanyia jikoni: vikombe vingapi vya maharage vinajaza sufuria, chenji ya elfu mbili ni ngapi ukinunua nyanya za mia tano. Vitabu vya kiada tulivisoma bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, nipate kujua wenzake wamefika wapi kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Jioni naandika mistari mitatu kwenye daftari: leo kafanya nini, kakwama wapi. Daftari hilo ndilo nililomwonyesha mwenyekiti wa mtaa alipokuja kuuliza kwa upole kama kuna shida ya ada.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Sheria yetu ya Elimu ya mwaka 1978 ililazimisha mtoto wa miaka 7 aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 nayo inambana mzazi kwa mahudhurio. Kwa mtoto ambaye hajafika umri wa kuandikishwa una nafasi ya kujaribu. Umri huo ukikaribia, kaonane na afisa elimu kata kwanza. Usisubiri utafutwe kwa kosa la utoro.

Kwa hiyo, mama wa kikoba, mwanao ana mwalimu wa tuisheni, na kwa anavyoandika vizuri mwalimu huyo hajala pesa yako bure. Na wewe shemeji, unayeniuliza kila msiba lini wanangu wataanza kusoma: wanasoma, shemeji. Shule ndiyo hawaendi.